Paa la Baba, Moshi wa Mama: Historia Fupi ya Bomba la Jiko la Kuni

Utangulizi

Jiko la kuni lenye bomba lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni pale moto unapowaka na sufuria inapokaa. Sehemu ya pili ni bomba lenyewe, ambalo hupokea moshi na kuutoa nje ya nyumba. Waandishi wengi wa historia ya nishati hushughulika na sehemu ya kwanza: kuni kiasi gani zimeokolewa, udongo gani umetumika, nani amebuni nini. Bomba hutajwa kwa sentensi moja, kana kwamba likishawekwa limewekwa daima.

Insha hii inalitazama bomba. Hoja yangu ni kwamba bomba la moshi halijawahi kuwa kitu cha kuwekwa mara moja. Huziba, huoza kwa kutu, hulegea kwenye viungo, huondolewa paa linapoezekwa upya, na ni lazima mtu alirudishe. Popote ambapo kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe, bomba lilifaa. Popote ambapo haikuwa na mwenyewe, moshi ulirudi jikoni, hata kama jiko lilikuwa limebuniwa kwa ustadi mkubwa. Nitaonyesha jambo hili kwa mifano ya Uingereza, Marekani, Uhindi na Guatemala, kisha nitafika nyumbani kwetu Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda.

Wakati moshi ulipokuwa na kazi

Ni kosa kudhani kwamba watu wa zamani waliishi na moshi kwa kutojua. Katika nyumba za Afrika Mashariki zilizoezekwa kwa nyasi, moto wa mafiga matatu ulikuwa na kazi zaidi ya kupika. Moshi ulipanda hadi kwenye paa ukakausha nyasi na fito, ukafukuza mchwa, ukakausha mahindi na mbegu zilizotundikwa juu ya meko, na ukapunguza mbu. Paa lililokosa moshi kwa muda mrefu liliharibika haraka. Kwa hiyo aliyetoa moshi ndani ya nyumba alipoteza kitu pia, na alipaswa kutafuta njia nyingine ya kulinda paa na mbegu zake.

Wazungu nao walipitia hali hiyohiyo. Kwa karne nyingi moto ulikaa katikati ya ukumbi na moshi ukatokea kwenye tundu la paa. Dohani za mawe zilionekana katika ngome za Uingereza kuanzia karne ya 12, lakini nyumba za watu wa kawaida zilisubiri karne kadhaa zaidi. Mwaka 1577, kasisi William Harrison wa kijiji cha Radwinter, katika jimbo la Essex, aliandika kwamba wazee wa kijijini kwake walistaajabia wingi wa dohani zilizojengwa katika maisha yao. Ujanani mwao, walisema, miji mingi ya mashambani ilikuwa na dohani mbili au tatu tu. Harrison mwenyewe hakufurahia kila kitu katika mabadiliko hayo. Aliona kwamba tangu dohani zije watu walilalamikia mafua na maumivu ya kichwa, ilhali zamani moshi ulidhaniwa kuzifanya mbao za nyumba kuwa imara na kuilinda familia na magonjwa.

Sayansi ya leo haikubaliani na Harrison kuhusu afya. Hata hivyo ushahidi wake una thamani kwa mwanahistoria, kwa sababu unatuonyesha kwamba bomba lilipoingia lilikuta utaratibu mwingine wa maisha. Lilipaswa kushindana nao, na baada ya kushinda lilileta kazi mpya ambazo hazikuwapo kabla.

Kodi na watoto

Kazi ya kwanza mpya ilikuwa kulipa. Mwaka 1662 serikali ya Uingereza ilianzisha kodi ya meko, shilingi 2 kwa mwaka kwa kila mahali pa moto ndani ya nyumba. Wakaguzi waliingia majumbani kuhesabu. Baadhi ya watu waliziba meko zao ili wasihesabiwe. Kodi hiyo ilichukiwa sana, hata ikafutwa mwaka 1689.

Kazi ya pili ilikuwa nzito zaidi, nayo ni kusafisha. Kuni na makaa ya mawe huacha masizi ndani ya dohani. Masizi yakizidi, njia ya moshi hupungua, na siku moja yenyewe hushika moto. Dohani za miji ya Uingereza zilikuwa nyembamba na zenye kona, mtu mzima asiweze kupita. Wakatumwa watoto. Sheria ya mwaka 1788 ilikataza kuwatumia watoto walio chini ya miaka 8, lakini haikuwa na nguvu ya kutosha kuitekeleza. Tayari mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alikuwa ameeleza saratani iliyowapata wasafisha dohani kwa sababu ya masizi yaliyoganda kwenye ngozi zao. Huu ni miongoni mwa mifano ya kwanza katika historia ya tiba ya saratani kuhusishwa na kazi fulani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba dawa ya tatizo hili ilikuwepo. Brashi za kuunganishwa kwa vijiti, zilizoweza kusafisha dohani bila mtoto kupanda, zilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini wenye nyumba hawakutaka gharama ya kurekebisha kona za dohani zao ili brashi zipite, na mabwana wa kazi hawakutaka kubadilisha desturi. Sheria zilitungwa mwaka 1834 na 1840, zikapuuzwa. Ni baada ya mvulana aliyeitwa George Brewster kukwama katika dohani ya hospitali moja karibu na Cambridge na kufa, mwaka 1875, ndipo bunge lilipopitisha sheria yenye meno: kila msafisha dohani aandikishwe, na polisi wasimamie.

Kwa maneno mengine, hewa safi ya sebule za Uingereza ilikuwa na mlipaji, na kwa takriban karne moja mlipaji huyo alikuwa mtoto maskini. Dohani ilifaulu kwa sababu kazi ya kuitunza ilipata mwenyewe, ingawa mwenyewe huyo hakuulizwa.

Jiko la Franklin

Mfano wa pili unatoka Philadelphia. Mnamo miaka ya 1740 Benjamin Franklin alibuni jiko la chuma la kupashia nyumba joto, na mwaka 1744 akachapisha kijitabu cha kulieleza. Gavana wa Pennsylvania alitaka kumpa hataza, Franklin akakataa, akisema uvumbuzi wa kuwafaa watu utolewe bure. Kisa hicho kinajulikana sana. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba jiko lenyewe lilisumbua.

Franklin alitaka moshi utoe joto lake lote kabla ya kuondoka. Kwa hiyo akaupeleka juu, akaurudisha chini nyuma ya sanduku la hewa, akaupitisha chini ya sakafu, ndipo ukaingia kwenye dohani. Lakini moshi hupanda kwa sababu ni wa moto na mwepesi kuliko hewa iliyouzunguka. Ukipoa njiani hukosa nguvu ya kupanda, na ukilazimishwa kushuka hurudi ulikotoka. Jiko lilipokuwa bado baridi, moshi uliingia chumbani. Watengenezaji waliofuata waliondoa njia ile ya kushuka, wakaweka bomba linalopanda moja kwa moja. Majiko mengi yaliyouzwa baadaye kwa jina la Franklin hayakuwa na sehemu ambayo Franklin mwenyewe aliithamini zaidi.

Somo la hapa ni la kifundi, lakini ni la kihistoria pia. Jina la mvumbuzi lilibaki, na kilicholifanya jiko litumike ni marekebisho ya mafundi waliolishughulikia bomba.

Udongo na mchanga

Katika karne ya 20 bomba lilifika kwa maskini wa nchi za kusini. Nchini Uhindi, S. P. Raju wa maabara ya uhandisi ya Hyderabad alichapisha mwaka 1953 kitabu kuhusu jikoni zisizo na moshi kwa ajili ya mamilioni ya watu. Alipendekeza jiko la udongo lenye bomba. Miaka thelathini baadaye serikali ya Uhindi ilianzisha mpango wa kitaifa wa majiko bora, ambao ulidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kusambaza majiko zaidi ya milioni 30.

Guatemala nayo ilipigwa na tetemeko la ardhi tarehe 4 Februari 1976, watu wapatao 23,000 wakafa. Katika kazi ya kujenga upya, jiko la udongo na mchanga lilibuniwa katika nyanda za juu karibu na Quetzaltenango. Liliitwa Lorena, jina lililounganishwa kutoka maneno mawili ya Kihispania, moja la tope na jingine la mchanga. Jiko hilo lilisifiwa kwa kuokoa kuni. Baadaye vipimo vilionyesha kwamba mara nyingi halikuokoa chochote, kwa kuwa udongo wake mwingi ulinyonya joto lililopaswa kufika kwenye sufuria. Sifa yake ya kweli ilikuwa bomba: moshi ulitoka nje.

Kutoka huko jina likafika kwetu. Katikati ya miaka ya 2000, Wizara ya Nishati ya Uganda ikishirikiana na shirika la Ujerumani la GTZ ilieneza jiko linaloitwa Roketi Lorena, hasa kuanzia wilaya ya Bushenyi. Lilichukua umbo la Lorena na kuongezewa chumba cha moto chenye kiwiko, wazo la Larry Winiarski wa Marekani. Mafundi wa vijijini walilijenga kwa udongo wa kichuguu, na vipande vya mgomba vilitumika kama kalibu: udongo unashindiliwa kuzunguka mgomba, kisha mgomba unatolewa na kuacha tundu. Ni kazi ya siku moja au mbili ambayo kila kijiji chenye migomba kinaweza kuifanya. Bomba peke yake ndilo linalohitaji bati na fundi.

Majaribio mawili

Swali la kama majiko haya yanasaidia limejibiwa kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu.

Jaribio la kwanza lilifanyika San Marcos, Guatemala, kati ya 2002 na 2004, likiongozwa na Kirk Smith. Kaya zaidi ya 500 zilishiriki, nusu zikipewa jiko lenye bomba na nusu zikiendelea na moto wa wazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Hewa ya kaboni monoksidi waliyovuta watoto ilipungua kwa takriban nusu. Kwa nimonia yote kwa jumla, upungufu haukuwa wa hakika kitakwimu, lakini nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi moja.

Jaribio la pili lilifanyika Orissa, Uhindi, katika vijiji 44 na kaya zipatazo 2,600. Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walizifuatilia kaya hizo kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Mwaka wa kwanza moshi uliovutwa ulipungua. Baada ya hapo faida ikayeyuka. Mapafu hayakupata nafuu, wala kuni hazikupungua. Watu hawakutumia majiko ipasavyo, hawakuyatengeneza yalipoharibika, na matumizi yalishuka mwaka hata mwaka.

Je, Wahindi walikuwa wazembe na Waguatemala hodari? Hapana. Huko San Marcos watumishi wa utafiti walitembelea kila nyumba kila wiki, wakalikagua jiko, na lililoharibika likatengenezwa. Huko Orissa majiko yaliachwa katika hali ya kawaida ya maisha, ambako mwenye jiko ndiye wa kulitunza. Jaribio la kwanza lilipima jiko lenye mtunzaji. La pili lilipima jiko kama lilivyo kijijini. Majibu yote mawili ni ya kweli.

Mfano wa Kigezi

Nyumbani kwetu ni katika milima karibu na Kabale, mahali penye baridi, ambapo jiko halizimwi asubuhi hadi usiku. Tuna jiko la udongo lenye bomba la bati. Miaka miwili iliyopita jikoni paliezekwa upya. Mafundi waliong'oa bomba, wakalilaza nyuma ya nyumba, wakafunika tundu kwa mabati mapya. Walipoulizwa juu ya bomba, walijibu kwamba bati jipya halitobolewi, maji yataingia. Baba aliona wana haki, kwa kuwa paa la zamani lilikuwa limevuja mahali pale pale.

Kwa muhula mzima mama alipika maharage, viazi na uji wa mtama katika jiko la kisasa lisilo na mdomo. Hali ilikuwa mbaya kuliko mafiga, maana chumba cha moto kimejengwa kikitegemea bomba livute. Lisipovuta, moshi wote hutokea kwenye mlango wa kuni. Nilipokuja likizo nilimuuliza mama kwa nini hajasema. Alinijibu, "Paa ni la baba yenu. Moshi ndio wangu."

Sentensi hiyo imenifundisha zaidi ya sura nyingi nilizosoma. Bomba huanzia katika himaya ya mtu mmoja na kuishia katika himaya ya mwingine. Chini lipo jikoni, ambako mama anaamuru. Juu lipo kwenye paa, na kwetu kupanda paa huhesabiwa kazi ya wanaume. Anayeumizwa na kuziba kwa bomba hawezi kulifikia, na anayeweza kulifikia haumizwi. Ndiyo maana linaweza kulala nyuma ya nyumba miezi mitatu bila mtu kuliona.

Tulilirudisha, mimi na kaka yangu, baba akisimamia. Ninaeleza hatua zake kwa sababu zinaonyesha kazi iliyomo. Kwanza tulilisafisha bomba. Lilikuwa na tabaka nene la masizi na lami ya moshi, kwa kuwa tunatumia pia kuni mbichi za mkalitusi, na kuni mbichi hutoa moshi wenye maji mengi. Kipande cha chini kilikuwa kimeliwa na kutu, tukanunua kingine. Tuliunganisha vipande hivi: ncha nyembamba ya kipande cha juu iliingia ndani ya kipande cha chini. Kaka alipinga, akiona moshi unaopanda utapenya kwenye viungo. Lakini bomba linalovuta huingiza hewa ndani kuliko kuitoa, na lami ikitiririka hubaki ndani badala ya kuchuruzika nje ukutani.

Kisha paa. Tulichagua mahali katikati ya kenchi mbili, mbali na mbao, tukatoboa kwa mkasi wa bati. Ili kumridhisha baba tuliweka kipande cha bati kuzunguka tundu: upande wa juu wa mteremko kiliingia chini ya bati la paa, upande wa chini kikakaa juu yake, maji yasipate pa kuingilia. Mwisho bomba lilipandishwa hadi likazidi mgongo wa paa kwa zaidi ya sentimita 60, ili upepo unaogonga paa usirudishe moshi, likavikwa kofia ya kuzuia mvua. Tuliziba mahali bomba linapokutana na jiko kwa udongo. Ilikuwa kazi ya siku moja na nusu, na mvua ya kwanza haikuvuja.

Bila shaka, nyumba moja haithibitishi nadharia. Lakini mfano huu unasaidia kusoma matokeo ya Orissa kwa jicho lingine. Mtafiti anapoandika kwamba kaya haikulitunza jiko, neno kaya linaficha watu wawili au watatu wenye uwezo na maumivu tofauti. Ndani ya kaya kuna swali la ngazi ni ya nani, fedha za bati ni za nani, na kifua kinachokohoa ni cha nani.

Hitimisho

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Idadi hii mara nyingi hutumiwa kudai uvumbuzi mpya: gesi, umeme, jiko jingine. Sipingi. Gesi ikifika Kigezi kwa bei ambayo mama ataimudu, nitakuwa wa kwanza kushangilia. Lakini mpaka siku hiyo, nyumba nyingi zitaendelea kupika kwa kuni, na historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba bomba linaweza kupunguza madhara likiwa na mtunzaji.

Uingereza ilimpata mtunzaji kwa njia ya ukatili, kisha kwa sheria. San Marcos ilimpata kwa mshahara wa watafiti. Mipango mingi ya kwetu haikumpata kabisa, kwa sababu ilihesabu majiko yaliyojengwa, si mabomba yanayovuta baada ya miaka mitano. Ningependekeza hesabu hiyo ya pili ifanyike, na kila fundi wa kuezeka afundishwe kulirudisha bomba kabla ya kushuka ngazi. Katika nyumba, ningependekeza jambo rahisi zaidi: anayevuta moshi awe na kauli juu ya paa.